Harusi Isiyo na Ndoa

Jumamosi, 25 Oktoba

Viganja vimetoka malengelenge na kalamu inaniuma, lakini nisipoandika leo, kesho nitajidanganya kwamba kazi ilikuwa ndogo. Nimechimba. Mimi Flaviana, binti wa Ngara niliyekuja Kigali kusomea mambo ya hoteli, nimechimba mtaro tangu saa mbili asubuhi, na mwanafunzi mwenzangu Silvère amefika saa nne, viatu vyeupe pee, akaanza kutufundisha namna ya kushika jembe.

Ilikuwa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Chuo kilitupeleka Gatsata kuzibua njia za maji kabla mvua haijakolea. Nyumba ya juu kabisa ni ya Mama Béatha. Ana watoto sita, hakuna hata mmoja aliyemzaa. Ni yatima aliowachukua mmoja mmoja, kila mmoja baada ya msiba wake. Ukutani kwake pamepigwa alama nyekundu: mlima unaporomoka, na anatakiwa kuhama kabla ya mwaka kwisha. Asipopata nyumba nyingine, watoto watatafutiwa familia za kuwapokea.

Nikamuuliza kama haogopi kulala pale. Alikulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Mlima sio nayogopa, mwanangu. Mlima iko inashuka polepole, naiona. Naogopa ile siku ya kugawa watoto. Huyu kwa fulani, huyu kwa fulani. Kila mtu iko na nafasi ya mtoto moja. Nani iko na nafasi ya sita?"

Nikarudi mtaroni kuchimba.

Jumanne, 28 Oktoba

Tumeunda kamati ya kuchangisha, wanafunzi wanne. Claudette ni mwenyekiti kwa sababu hakuna anayeweza kumkatalia. Tito wa Mwanza ni wa kadi na picha. Mimi katibu. Silvère amepewa "mambo mengineyo", yaani hana kazi. Vikao ni kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tunayoelewana wote wanne, ingawa Claudette huisema kama anagombana nayo.

Nyumba ya kuwahamishia tumeshaiona. Iko chini, karibu na barabara, vyumba vitatu, mahali tambarare. Mzee mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla ya Noeli. Tukishindwa anampa mtu mwingine.

Jumapili, 2 Novemba

Nilikuwa na mpango mzuri sana. Tamasha la Noeli, keki, nyimbo, halafu watoto sita wanapanda jukwaani, kila mmoja anataja jina lake na anachokikosa. Watu wanalia, watu wanatoa. Nikapanda Gatsata kuueleza. Mama Béatha akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Shallon, mkubwa wao, miaka kumi na minne.

"Dada," Shallon akaniuliza, "wewe unakosa nini?"

"Mimi? Vitu vingi tu."

"Ulishapanda mbele ya watu kuvisema?"

"Hapana."

"Basi na sisi hapana. Kuja, tutakuja. Kucheza, tutacheza. Keki tutakula. Kuonyeshwa, oya, hapana."

Akarudi kuosha sufuria. Niliteremka mlima nimekasirika. Nilipofika barabarani hasira ilikuwa imeisha, imebaki aibu.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Hakuna wazo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Tito amependekeza tuuze sambusa. Alileta za mfano, na kamati imezimaliza.

Jumamosi, 8 Novemba

Claudette amegonga meza. "Nyinyi hamujui watu ya Kigali. Ukisema changia masikini, simu zote zinakufa. Ukisema iko ubukwe, watachanga mpaka jirani ya jirani. Tufanye harusi!"

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya hakuna mtu."

Nilicheka peke yangu, kisha nikaona wenzangu hawacheki. Hapa kuna siku inaitwa gusaba, ambapo ukoo wa bwana harusi huja kumwomba bibi harusi. Pande mbili hukaa zikitazamana, kila upande na msemaji wake, wakigombana kwa maneno ya asali nusu siku nzima. Wageni hutozwa faini kwa kuchelewa. Huambiwa binti hayupo, binti ameshaolewa, binti gani huyo. Mwishoni anatajwa ng'ombe, watu wanakunywa. Ni mchezo wa kuigiza tayari, sisi tutaongeza tu sanduku la michango. Na watoto sita watakaa mbele kama wadogo zake bibi harusi, watakula kama wenye shughuli. Shallon amekubali kabla sijamaliza kueleza.

Bibi harusi ni mimi. Claudette anasema kwetu ni mbali, hakuna ndugu wa kuja kutusumbua. Bwana harusi ni Silvère, kwa sababu kwenye gusaba bwana harusi hafungui mdomo.

Jumapili, 16 Novemba

Mazoezi ya pili. Silvère amechelewa dakika arobaini, tumemtoza soda mbili. Kukaa kimya ameweza dakika nne. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mwanamume asiyejua saa hafai hata kuoa kwa mchezo. Walicheka. Yeye hakucheka sana.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo nilipanda Gatsata kuwapima watoto nguo za sherehe. Nikakuta viatu vyeupe vimetundikwa kwenye msumari mlangoni na mtu yuko juu ya paa, anatandaza nailoni na kuikandamiza kwa mawe. Alikuwa Silvère.

"Anakuja kila mara iko mvua," Shallon akaniambia. "Hamujui?"

Hatukujua. Tulipokuwa tukimngoja kikaoni tukimsengenya, yeye alikuwa huku.

Tuliteremka pamoja. Nilimwomba radhi, naye akaniambia bila kujivuna. Kwao Bujumbura walikuwa wanne, wazazi wakafa mwaka mmoja, na kila mtoto akaenda kwa jamaa wa kumchukua. Yeye alichukuliwa na baba yake mdogo, Audace, akaletwa Kanombe. "Walitutunza vizuri, siwezi kusema vibaya. Lakini mimi nikikutana na dada yangu sasa, tunaongea kama watu ya ofisi. Habari ya kazi, nzuri. Habari ya huko, nzuri. Inaisha."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wangu umeota.

Jumamosi, 22 Novemba

Kadi zimetoka, na Tito ameweza kweli. Juu, kwa maandishi ya dhahabu: familia zinawaalika kwenye gusaba ya Flaviana na Silvère, Jumamosi tarehe 13 Desemba. Chini: harusi hii ni mchezo, na kila mchango ni wa nyumba ya watoto sita wa Gatsata. Nimelitazama jina langu kwa dhahabu zaidi ya mara moja, sikatai.

Jumatano, 26 Novemba

Michango inamiminika! Watu tusiowajua wanatuma. Claudette anatembea kama amemeza fimbo. Mvua haijakatika siku tatu.

Jumatatu, 1 Desemba

Mama amepiga simu asubuhi nikiwa darasani. Nikatoka nje kupokea, nikakuta analia.

"Mwanangu, sisi tumekukosea nini? Unaolewa, sisi tunaonyeshwa kadi na muuza duka?"

Nikamweleza mbio mbio: mchezo, watoto, yatima, imeandikwa chini ya kadi. "Chini ya kadi hakuna kitu," mama akasema. Kisha nikasikia simu inachukuliwa, na sauti ya baba: "Tutaonana." Ikakatika. Nilipiga tena mara saba. Baba akikasirika huzima simu na kwenda kwa ng'ombe zake.

Nikamtafuta Tito. Alikuwa kantini, anakula chipsi kwa amani. Nikamnyang'anya simu nikatazama picha aliyoisambaza. Kadi ilikuwa ndefu, haikuenea vizuri kwenye kioo, kwa hiyo akaikata. Ameikata chini. Nusu ya Kigali, na sasa Ngara nzima, wanaamini naolewa na Silvère.

"Ndiyo maana michango imekuwa mingi," Tito akasema polepole, na chipsi ikamwanguka.

Silvère akafika, na habari yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Jana, Kanombe, Audace amewaita wazee wa ukoo. Kwa kuwa yeye ndiye baba sasa, amesimama akataja ng'ombe wa mahari: mtamba wake wa kahawia, Gaju, aliyeko Bugesera. Wazee wamepiga makofi. Mtu wa hapa akishamtaja ng'ombe mbele ya wazee, hilo si neno la kurudisha.

Tukakaa. Nasema ukweli, maana hili ni daftari langu: mimi nilitaka tunyamaze. Zilibaki siku kumi na mbili, michango ilikuwa imefikia miezi mitatu ya kodi, na watu wangeujua ukweli siku yenyewe wakiwa wameshacheka. Tito alikuwa upande wangu. Claudette alitazama dari.

"Hapana," Silvère akasema.

"Fikiria watoto," nikamwambia.

"Nawafikiria. Ile nyumba watakaa ndani yake. Kesho mtu atawaambia: mliipata kwa uongo. Atamwambia Shallon. Unamjua Shallon."

Namjua. Nikaandika ujumbe mimi mwenyewe, Claudette akausoma, ukatumwa kwa kila aliyechangia: harusi ni mchezo, nyumba ni ya kweli, anayetaka chake arudishiwe. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu imeishia hapa.

Jumatano, 3 Desemba

Wengine wamedai chao, tumewarudishia. Wengine wametutukana kidogo, wakaacha mchango ulale hapo hapo. Kwa vyovyote hatufiki.

Mtu mmoja hatujamwambia. Audace haambiwi kwa ujumbe wa simu.

Jumanne, 9 Desemba

Tumekwenda Kanombe, mimi na Silvère. Siku zote hizi Audace alikuwa zamu uwanja wa ndege, leo ndiyo alipumzika. Tukakuta bado amevaa sare. Akatukaribisha kwa furaha iliyonikata maini, akatumiminia maziwa, akanitazama kama mtu anayetazama gari jipya la ndugu yake.

Silvère hakuyagusa maziwa. Alisimama. Yule msemaji wetu wa siku zote alisema kwa maneno machache.

"Data wacu," akasema, ndivyo wanavyomwita baba mdogo, "hakuna harusi. Ni mchezo wa kuchangia watoto. Kadi ilikatwa, wewe ukaamini. Kosa ni yetu. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Audace akaweka kikombe chini.

"Nilimtaja Gaju mbele ya wazee."

"Najua."

"Wewe unanifanya mimi muongo."

"Ndiyo, data wacu. Unisamehe."

Nikaona niingilie, nikamweleza habari za wale sita, na kwamba mwaka ukiisha watagawanywa, huyu huku, huyu kule. Nilipofika hapo Audace akageuza uso, akatazama dirishani. Nje hapakuwa na kitu ila ukuta wa jirani.

"Muende," akasema. "Mvua iko inakuja."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe utaangukia upande gani, sijui.

Jumatano, 10 Desemba

Ukuta wa jiko la Mama Béatha umeanguka alfajiri. Hakuna aliyeumia. Majirani wamewachukua watoto kwa muda, wawili wawili, nyumba tatu. Shallon anazunguka nyumba zote tatu kuuliza kama wadogo zake wamekula. Nimemwona. Nilirudi bwenini nikalia kwa sauti, na sioni haya kuandika.

Ijumaa, 12 Desemba

Baba ameshuka kwenye basi la Rusumo na koti lake la kanisani na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanamume yuko wapi?"

Nikamweleza yote pale pale stendi, mkungu begani. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema anataka kuwaona hao sita. Tukapanda Gatsata ndani ya mvua, baba akiteleza na kukataa kushikwa mkono. Mama Béatha akamsalimu kwa Kirundi, baba akajibu kwa Kihangaza chetu cha Ngara, na wakaelewana kama majirani wa siku nyingi. Wakakaa kwenye mabaki ya jiko, wakaongea habari za mvua na maharage. Sita wakaja kutoka nyumba zao tatu, wakamsalimu mmoja mmoja.

Tukashuka. Chini kabisa akakung'uta koti.

"Kesho, baba wa bibi harusi hukaa upande gani?"

"Kulia, baba, mbele."

"Basi mniwekee kiti chenye mgongo."

Jumamosi, 13 Desemba

Bwalo la chuo limejaa mpaka milangoni. Kumbe wengi walikuja kwa sababu ya ule ujumbe wa kuomba radhi. Walitaka kuwaona wapumbavu wenyewe. Nyota za Noeli zimening'inia darini, watoto sita mbele wamependeza, kila mmoja na kipande cha keki kabla ya wakati. Baba kwenye kiti chenye mgongo. Nyuma kabisa, yule mzee mwenye nyumba, amekuja kula.

Claudette alikuwa msemaji wetu, Tito msemaji wao. Claudette aliwaambia binti ameshaolewa na rubani. Aliwatoza faini kwa viatu vichafu, kwa tai iliyopinda, kwa Tito kuwa Msukuma. Watu walicheka na kutumbukiza kwenye sanduku. Lakini mimi nilikuwa nikilitazama sanduku, na uso wa Claudette kila alipochungulia ndani ulinieleza: miezi minne, labda. Haitoshi.

Mlango ukafunguliwa. Audace, na wazee wanne nyuma yake, makoti yamelowa.

Claudette hakuwa amewahi kumwona. "Nyinyi wa upande wa kijana? Mumechelewa! Faini!"

Silvère akafunga macho. Audace akaingiza mkono mfukoni, akalipa, akaenda kukaa.

Ikafika zamu ya ng'ombe. Tito alikuwa ametengeneza ng'ombe wa maboksi, na pembe mbili za karatasi ya kumetameta. Akainuka kumtoa, na baba yangu, ambaye hakupewa sehemu yoyote ya kusema, akauliza kwa sauti: "Mmekuja kwangu na karatasi?"

Kicheko kikazima, maana Audace alikuwa amesimama.

"Kijana, weka hiyo chini," akamwambia Tito. Kisha akamgeukia baba. "Mzee, mimi nilisema Gaju mbele ya hawa wazee. Ng'ombe nimesema hairudi zizini. Iko nje, kwenye gari."

Bwalo zima likamwagika nje. Na kweli, kwenye pikapu, mtamba wa kahawia, anatafuna, anatutazama. Baba akapanda pikapu na koti lake la kanisani. Akamwangalia meno. Akampapasa mgongo. Akamwinua kwato. Hakuharakishwa na mtu. Akashuka.

"Ng'ombe nimempokea."

Vigelegele! Wanawake wa Gatsata walipiga mpaka Gaju akashtuka.

"Binti sijamtoa," baba akaongeza, na hapo hata wazee wa Audace wakashika mbavu. Yeye akangoja watulie. "Kwetu, ng'ombe ni wa aliyelea. Mimi nimelea watatu, tena kwa kusaidiwa na mama yao. Huyu mama amelea sita peke yake." Akaitwaa kamba, akaiweka mkononi mwa Mama Béatha.

Mama Béatha akaitazama kamba. "Mana yanjye! Mungu wangu, nitamuweka wapi? Mimi sina hata jiko."

Ndipo mzee mwenye nyumba akapenya kutoka nyuma, sahani mkononi. Akamzunguka Gaju mara mbili. Akaikabidhi sahani kwa mtu asiyemjua.

"Nipeni huyu kwa miezi iliyobaki," akasema.

"Na miwili juu yake," akasema Claudette, ambaye hakuna anayeweza kumkatalia.

Nilipogeuka kumtafuta Silvère nilimkuta kando ya pikapu na Audace. Wazee hawa hawana mazoea ya kukumbatiana. Audace alikuwa ametoa simu yake, anaishika mbali na macho, anamwambia Silvère amtajie polepole namba ya yule dada yake.

Jumapili, 14 Desemba

Nimelala mpaka saa saba mchana.

Alhamisi, 18 Desemba

Baba amefika Ngara salama. Amepiga simu kuuliza mtihani, kuuliza mvua, na kuuliza yule kijana mwenye viatu vyeupe anakula nini, mbona mwembamba hivyo. Nikamwambia sijui. Akasema nijue.

Jumamosi, 20 Desemba

Tumehama. Vitu vya nyumba ya watu saba vimeingia kwenye pikapu moja, na nafasi ikabaki. Mvua ilikatika saa tatu, tukateremsha magodoro bila kulowa. Watoto walikimbia chumba hadi chumba wakifungua na kufunga milango, maana kule juu mlango ulikuwa mmoja. Tito na Silvère walibishana saa nzima juu ya kamba ya kuanikia nguo. Mimi nilipika wali na maharage ya watu kumi na wawili, na nikajisifu mwenyewe kwa sababu wengine wote walikuwa wanatafuna.

Mchana akaja mkuu wa mtaa na daftari lake la wakazi, kuwaandika wageni. Akakaa kwenye godoro lililokunjwa, akaandika jina la Mama Béatha, kisha akawatazama wale sita waliopanga mstari bila kuambiwa, majina yao ya ukoo sita tofauti.

"Hawa wote ni ndugu?" akauliza.

Shallon akasogea, akainama juu ya daftari kuona mahali pa kuandikia.

"Ni wa hapa," akasema. "Andika, mimi nakutajia."

Akamtajia, mmoja baada ya mwingine, na tarehe zao za kuzaliwa, hakukosea hata moja. Majina hayakuenea kwenye ukurasa, mkuu wa mtaa akageuza, akaendelea.